Ustadi wa Fundi wa Kinga

Anayetoka Sanga kwenda Kamina na magunia ya makala nyuma ya kinga yake, yaani baiskeli, hutegemea viungo vidogo vya chuma vipatavyo mia moja na kitu. Kila anapokanyaga pedeli, sehemu ya juu ya mnyororo hukaza na kuvuta gia ya nyuma, huku ya chini ikirudi imelegea. Gia ya mbele ikiwa na meno 44 na ya nyuma 22, pedeli ikizunguka mara moja gurudumu huzunguka mara mbili. Kasi inaongezeka, nguvu ya kusukuma inapungua. Mnyororo hauzalishi kitu. Unafikisha tu nguvu iliyotolewa na miguu, bila kuteleza kama mkanda.

Mnyororo wa namna hii ulibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza. Ndani ya kila kiungo mna pini, juu ya pini bushi, na juu ya bushi rola inayojizungusha ili jino la gia lisiikwaruze. Miaka mitano baadaye, baiskeli ya Rover ya John Kemp Starley ilipeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma kwa mnyororo, na umbo lake ndilo tunaloliendesha hadi leo.

Adui wa mnyororo ni vumbi la kiangazi. Likichanganyika na mafuta hupenya kati ya pini na bushi, likasaga taratibu. Kila kiungo hupoteza chembe tu, lakini hasara za viungo vyote hujumlishwa. Viungo 24 vipya vina urefu wa sentimita 30.5 hivi; vikifika 30.8, mnyororo haukai tena sawasawa kwenye meno, nao huanza kuyala.

Fundi mzuri hahitaji rula. Huning'iniza mnyororo wa zamani kando ya mpya kwenye msumari mmoja, akahesabu viungo sawa, akatazama upi umeshuka zaidi. Kisha hupitisha kidole gumba kwenye gia ya nyuma. Akikuta meno yamechongoka na kuinama upande mmoja, humwambia mteja, "Papa, meno nayo ilikufa." Mteja atanung'unika, maana alikuja na pesa ya mnyororo peke yake. Lakini mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika utaruka kwenye mlima wa kwanza tu, na mzigo ukiwa juu. Fundi anayekubali kumkosa mteja leo kuliko kumfungia mnyororo wa namna hiyo ndiye anayestahili kuitwa fundi.