Mtaro Katikati ya Ramani

Ramani nyingi za miji hujengwa juu ya barabara. Ndizo nene, ndizo zenye rangi kali na majina. Mengine yote hujipanga kando yake. Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 ili kukabiliana na mafuriko, uliupa mtaro nafasi hiyo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani pamoja na wakazi, wakapima, kisha wakaingiza data kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Faida za kazi hiyo zinajulikana. Mimi nataka tuusome mchoro wenyewe.

Katika OpenStreetMap, kila umbo hutokana na nukta. Nukta ni latitudo na longitudo tu. Zikifuatana huwa mstari, na mstari ukirudi ulikoanzia huwa jengo au uwanja. Mfuatano huo una maana. Barabara ya kwenda na kurudi waweza kuichora kuanzia upande wowote, lakini mtaro, kwa kanuni, huchorwa kufuata maji yanakoelekea. Anayechora mtaro wa Tandale, jijini Dar es Salaam, hana budi kujua maji yanatoka wapi na yanaishia wapi kabla hajaweka nukta ya kwanza. Picha ya setilaiti mara nyingi haimwambii hilo. Anayemwambia ni mkazi aliyewahi kuzoa tope sebuleni kwake. Ushahidi wa mkazi huyo umo ndani ya mstari, ingawa jina lake halimo.

Nyuma ya mstari kuna lebo: aina, upana, kina. Zikisomwa kwenye jedwali ni kavu. Zifungue kwenye QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa, uamuru unene wa mstari ufuate upana wa mtaro, na hapo hoja inajitokeza: mtaro mpana unafika mahali unakuwa uzi. Mtu asiyejua hesabu za uhandisi anaonyesha kwa kidole mahali maji yatakapofurika.

Tabaka la majengo halina ufasaha huo. Nyumba nyingi zina lebo moja tu, kwamba ni jengo. Kibanda kilicho ukingoni mwa Mto Msimbazi na ghorofa lililo mlimani hutokea kwa rangi ile ile. Tunaona maji yanakokwenda, hatuoni yatamkuta nani.

Udhaifu mkubwa zaidi ni wa wakati. Mtaro uliopimwa kiangazi waweza kujaa mchanga na takataka kabla ya masika, na mstari ukabaki vilevile. Hifadhidata hutunza tarehe ya kila badiliko, lakini ramani ikichapwa kwa ajili ya ofisi ya kata bila tarehe hizo, kipimo cha zamani husomeka kama hali ya leo.

Wanaojifunza kuchora ramani hutumia muda mwingi kwenye rangi na alama. Wafundishwe pia kuandika tarehe ya upimaji kando ya kila kina, juu ya karatasi, si kwenye kompyuta pekee. Mwenyekiti wa mtaa anayepanga siku ya kuzibua mitaro anahitaji kujua kama namba aliyo nayo mkononi ni ya masika haya au ya miaka mitatu iliyopita.