Keki ya Mwisho: Tafakuri juu ya Filamu ya Notting Hill

Ngano zetu zimejaa masikini waliooa binti za wafalme. Katika Notting Hill (1999), iliyotungwa na Richard Curtis na kuongozwa na Roger Michell, binti mfalme ni nyota wa sinema wa Kimarekani, Anna Scott (Julia Roberts), na masikini ni William Thacker (Hugh Grant), muuza vitabu vya safari jijini London. Masikini huyo, tuseme kweli, anamiliki nyumba!

Moyo wa kazi hii ni karamu ya usiku. Rafiki zake William wanashindania kipande cha mwisho cha keki: atakayethibitisha kuwa maisha yake ndiyo duni zaidi ndiye atakayekila. Mmoja kazi haimwendei. Mwengine yu kwenye kiti cha magurudumu, na hatazaa. Anna naye aomba nafasi. Asimulia njaa ya miaka kumi ili asinenepe, mwanamume aliyempiga, magazeti yafurahiayo kuvunjika moyo wake, kisu cha daktari usoni, na hofu ya siku uzuri utakapochujuka. Meza yanyamaza. Kisha mwenyeji afanya mzaha, wote wacheka, na dai lake latupwa.

Hapo mtunzi amegusa jambo zito: nani amwamini mwigizaji anapolia? William mwenyewe, baada ya kumsikia akimkana mbele ya mwigizaji mwenzake, amkataa anapokuja dukani kumbembeleza. Aliigiza siku ile, au anaigiza leo? Swali hili lilistahili kuachwa lituume. Lakini filamu yakimbilia mkutano wa waandishi wa habari, kama ilivyofanya Roman Holiday (1953), ila kule binti mfalme arudi kwenye wajibu wake na mwandishi atoka ukumbini peke yake. Hapa hakuna alipaye chochote, na ndiyo maana naiona ile ya zamani kuwa shujaa zaidi.

Liko deni jengine. Notting Hill ni mtaa uliopokea wahamiaji wa visiwa vya Karibiani, ukaona ghasia za kibaguzi mwaka 1958, na umejulikana duniani kwa kanivali yao. Katika onyesho zuri mno, William apita sokoni Portobello huku majira manne yakipokezana katika mwendo mmoja: mvua, theluji, jua, na mjamzito aliyeonekana mwanzo sasa amebeba mtoto. Mwaka mzima wapita mtaani humo, na wahamiaji wale, majirani wa kawaida wa mtu wa kawaida, ni nadra kuonekana.