Tanzanite ya utosini: namna ya kuipima kutoka Mbulu

Tanzanite ya ardhini inachimbwa Mererani, wilayani Simanjiro. Ya angani ni sayari WASP-71b. Ilipewa jina hilo Desemba 2019, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipoadhimisha miaka 100 kwa kuziachia nchi 112 zitoe majina ya nyota na sayari. Nyota inayozungukwa na sayari hiyo Watanzania waliiita Mpingo. Mazungumzo mengi huishia kwenye majina, ilhali utamu uko kwenye kipimo: kwa pembe ya kuitazama Mpingo, Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zimekaa pazuri kuliko vituo vilivyoitafuta sayari yake.

Mradi wa WASP ulikuwa na vituo viwili, kimoja kisiwani La Palma, kingine Sutherland, Afrika Kusini. Kila kituo kilifungwa kamera nane zenye lenzi za Canon za milimita 200, aina wanayotumia wapiga picha za michezo, mdomo wake sentimita 11 tu. Kamera zilipiga picha za eneo pana la anga usiku baada ya usiku, kisha kompyuta zikatafuta nyota inayofifia kidogo kwa vipindi vinavyojirudia. Mpingo hufifia kila baada ya saa 69 na dakika 41, sayari inapokatiza mbele yake, na mwanga unaopotea haufiki nusu ya asilimia moja. Chukua mji wenye taa 225, zima moja; ndicho kiasi chenyewe.

Kufifia peke yake si ushahidi. Nyota mbili zinazozibana huweza kuleta alama ileile, na hao walaghai ni wengi kuliko sayari. Mtu anayefanya kazi hii hutumia sehemu kubwa ya maisha yake kukataa alama za uongo. Kilichoiokoa WASP-71b ni spektrografu, chombo cha kuchambua mwanga: nyota ilionekana ikiyumba, ikija na kurudi kwa karibu mita 240 kwa sekunde. Nyota ndogo inayozunguka karibu hivyo ingeiyumbisha kwa kilomita nyingi kwa sekunde. Kinachozunguka Mpingo, basi, kina uzito unaozidi kidogo mara mbili ya Mshtarii. Alexis Smith na wenzake walichapisha ugunduzi huo mwaka 2013, na walionyesha pia kuwa sayari inazunguka kuelekea upande uleule nyota yake inakojizungusha.

Sasa tuje Manyara. Mpingo iko katika kundi la Nyangumi, chini ya nyuzi moja kaskazini mwa ikweta ya anga. Ukiwa La Palma au Sutherland, hata inapofika juu kabisa hubaki mbali na utosi kwa nyuzi 30 hivi. Kutoka Mbulu mjini au Katesh, wilayani Hanang, ni nyuzi tano tu. Mwanga wake hupita kwenye hewa kidogo zaidi, na nyota hukaa juu ya nyuzi 30 kutoka upeo wa macho kwa takriban saa nane. Sayari huchukua kama saa tano kuvuka. Ongeza saa moja kabla na moja baada, ili uwe na mwanga wa kawaida wa kulinganishia, na zote saba zinaenea.

Macho matupu hayataiona. Inahitaji darubini ndogo, kamera, na nyota jirani za kuilinganisha nayo katika picha hiyohiyo. Mafundi huiharibu fokasi kwa makusudi ili mwanga usambae kwenye vitone vingi vya kamera. Kero ni stendi. Stendi nyingi za dukani zimetengenezwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, na mhimili wake haukubali kulala chini kiasi cha kufaa nyuzi nne kusini. Nyota ya Kaskazini, ambayo mhimili huo huelekezwa kwayo, haionekani, na ncha ya kusini ya anga imejibana karibu na ardhi, mara nyingi nyuma ya mlima. Inabidi kuipanga stendi kwa kuangalia nyota inavyoteleza kwenye picha, kurekebisha, kisha kuangalia tena.

Halafu kuna kalenda. Kila baada ya siku tatu pungufu kidogo, sayari hupita mapema kwa saa mbili na dakika 19 hivi kuliko mara iliyotangulia. Mpito mzima unaoangukia gizani hupatikana mara moja au mbili, kisha unasubiri karibu siku 30. Mwezi nao hurudia hali yake kwa siku 29 na nusu. Kwa hiyo ukianza msimu na mbalamwezi, itakufuata msimu mzima, na Oktoba mwezi mpevu hupita karibu na Mpingo. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, hucheza ngoma ya epeme usiku usio na mwezi. Mpimaji naye angeomba usiku huohuo, Septemba au Oktoba, kabla mvua za vuli hazijafunga anga.

Akifanikiwa, anachopata ni namba moja: wakati wa katikati ya mpito, kwa dakika. Kosa dogo katika kipindi cha sayari huongezeka kila mzunguko. Mradi wa ExoClock hupokea vipimo hivyo hata kwa wasio na ajira ya astronomia, ili chombo cha Ariel cha Shirika la Anga la Ulaya, kitakaporushwa, kijue saa ya kuielekezea sayari jicho.