Kauri Iliyomo Kwenye Katoni

Geuza katoni ya masufuria kutoka China katika duka lolote la Mchukwi, kando ya barabara ya Kilwa. Yumkini utakuta alama mbili zikifuatwa na tarakimu: 货号, namba ya bidhaa. Ya pili tuiache. Ya kwanza, 货, husomwa "huo", na ndiyo bidhaa yenyewe. Imeungwa kwa vipande viwili: cha juu, 化, husomwa "hua" na kazi yake ni kudokeza sauti, cha chini, 贝, ni kauri.

Naam, kauri hizi hizi zinazookotwa Mafia maji yakipwa. Wachina wa enzi ya Shang, miaka zaidi ya 3,000 iliyopita, walizithamini mno. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme, lililofukuliwa Anyang mwaka 1976, lilikuwa na kauri zaidi ya 6,000. Waandishi wa enzi hiyo walichonga kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe picha ya kauri iliyopasuliwa, pande mbili zikitazamana. Karne zikapita, mchoro ukanyooshwa ukawa kisanduku chenye miguu miwili: 貝, mistari saba. Mageuzi ya maandishi ya miaka ya 1950 yakaipunguza hadi minne.

Nchini China sarafu zilichukua nafasi ya kauri tangu enzi ya Qin, ingawa Yunnan ziliendelea kutumika sokoni hadi karne ya 17. Kwenye maandishi hazikuondoka. Mara nyingi penye fedha, mwandishi alibandika kauri: 财 ni mali, 贵 ni ghali. Ninayoihusudu zaidi ni 贫, umaskini: juu kuna 分, kugawa, kipande kinachotoa sauti na maana kwa pamoja. Kauri ikigawanywa mno, mwenyewe habaki na kitu. Kununua, 買, ilikuwa wavu juu ya kauri. Leo huandikwa 买, kauri imetupwa, na kwa maoni yangu hapo warekebishaji walikata mno.

Ila si kila kauri ni kauri. 员, mwanachama au mfanyakazi, ilianza na picha ya chungu cha shaba cha miguu mitatu. Mwandiko ulivyozidi kurahisishwa, chungu kikafanana na kauri, vikachanganyika. Anayefundisha kwamba mwanachama ni "mwenye kauri" anatunga hadithi.