Geuza Kamba Utazame Nyuma

Kamba ya mbwa hainunuliwi kwa kutazama upande wa juu. Huko juu kuna rangi, mng'aro na, ikiwa ni kazi ya mafundi wa shanga wa Kenya, mapambo ya kuvutia macho. Mimi huigeuza kwanza. Nyuma ndiko kunakoonekana mafundo ya uzi, kingo zilizosahaulika, na ile ribiti iliyopigwa harakaharaka ili mzigo uwahi soko la Jumamosi.

Nilijifunza hivyo kwa hofu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kamba nyekundu, laini kama hariri, katika duka moja la mjini Nairobi. Wiki ya tatu, karibu na steji ya matatu, mbwa wangu aliona paka. Aliruka mara moja tu, nikabaki na mshikio mkononi. Alivuka barabara yenye magari pande zote mbili akafika ng'ambo mzima, kwa rehema za Mungu. Usiku ule niliichunguza kamba chini ya taa. Ngozi ilikuwa nzima. Kilichokatika ni ribiti moja nyembamba, iliyoachiwa peke yake kumzuia mbwa wa kilo thelathini.

Tuanze na ngozi yenyewe, maana hapo ndipo mnunuzi hudanganywa zaidi. Tafuta mahali ngozi ilipokatwa, kwa mfano ncha ya kamba au tundu la bizimu, utazame kiini chake. Ngozi iliyoivishwa kwa magome ya miti huwa na rangi ya hudhurungi mpaka ndani. Iliyoivishwa kwa chumvi za kromu mara nyingi huonyesha mstari wa samawati au kijivu katikati, hata ikipakwa rangi juu. Ngozi ya kromu si mbaya: ni laini, huvumilia maji, na hufaa viatu. Lakini kwa kamba ndefu huelekea kuvutika, na ukingo wake haukubali kusuguliwa ukawa laini. Ngozi ya magome hushika umbo. Eneo letu halina uhaba wa magome hayo. Miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kuivisha ngozi, ina mashamba makubwa Njombe, kusini mwa Tanzania, tangu miaka ya 1940 inakaribia kwisha. Dondoshea ngozi tone la maji: ile ya magome isiyopakwa rangi nzito hulinywa, ikapata doa jeusi, kisha doa likafifia linapokauka.

Sasa ikunje, uso ukiwa nje. Uso ukipasuka kama matope makavu, basi ulichoshika ni ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki, au vumbi la ngozi lililogandishwa kwa gundi. Ngozi ya kweli yenye uso wake wa asili hujikunja kwa mikunjo myembamba, na ukiiachia hurudi. Usiogope makovu. Ng'ombe wetu hupita kwenye miiba na huumwa na kupe, na michirizi midogo usoni ni ushahidi kwamba hakuna aliyeikwangua ngozi na kuifunika. Kovu la chapa ya moto ni jambo jingine. Hapo nyuzi za ngozi zimeungua, na fundi mwema hukata pembeni yake.

Uliza pia kamba ilikatwa sehemu gani ya ng'ombe. Ngozi ya mgongoni imeshikamana. Ya tumboni ni legevu na huendelea kurefuka miezi mingi. Utaijua kwa kuifinya: ya tumboni hubonyea kama sponji, na upande wake wa nyuma huwa na manyoyanyoya. Kwa mbwa mkubwa napenda unene wa milimita tatu hadi nne na upana wa kama sentimita mbili. Fundi anayekata kamba nzima kwa urefu wa mgongo hupata chache tu katika ngozi moja, kwa hiyo bei yake haitakuwa ya kutupa, na hupaswi kumlaumu.

Mshono ndio moyo wa kazi hii, na ningeweza kuukodolea macho asubuhi nzima. Mshono wa mkono hufanywa kwa uzi mmoja wenye sindano mbili, moja kila ncha. Fundi hutoboa kwa msharasi, kisha sindano zote mbili hupita katika tundu lile lile, kila moja ikitoka upande wake. Uzi ukikatika upande mmoja, ule wa upande wa pili bado umeshikilia. Mashine hufanya kinyume: nyuzi mbili hukutana katikati na kufumbatana, na mmoja ukikatika mshono huweza kufumuka hatua kwa hatua. Kwa macho, mishono ya mkono hulala mshazari pande zote mbili, kama mvua ya upepo. Ile ya mashine mara nyingi hunyooka upande mmoja na kuonyesha vinundu upande wa pili. Pima na urefu wake: milimita tatu au nne kila mshono zinatosha. Ikisongamana mno hugeuza ngozi kuwa kama ukingo wa stempu, tayari kuchanika. Mwishoni fundi anapaswa kurudi nyuma mishono miwili au mitatu kabla ya kukata, na uzi uwe umepitishwa kwenye nta. Ribiti ziwepo akipenda, lakini ziwe wasaidizi wa uzi, zisiachiwe mzigo wote.

Kuhusu chuma sitakawia. Beba sumaku ndogo mfukoni: ikinata kwa nguvu kwenye kulabu inayoitwa shaba, hiyo ni chuma kilichopakwa, na Mombasa au Tanga chumvi ya hewa itaila. Isiponata, pima uzito, kwa sababu zinki nayo hainati na huvunjika ghafla kama chaki. Pete iwe imelehemiwa. Kulabu izunguke kwa urahisi unapoining'iniza, na springi yake irudi yenyewe hata ukiifungua polepole.

Shanga za kola zinastahili heshima, maana akina mama wa Kimaasai wanaozishona wana macho makali kuliko mashine. Shanga nzuri za kioo, nyingi kutoka Jamhuri ya Cheki, huwa baridi ukizigusisha shavuni. Za plastiki huwa vuguvugu na rangi hupauka juani. Ukubwa ulingane, mistari isiyumbe. Lakini hata hapa geuza nyuma. Nyuzi za shanga lazima zifunikwe kwa kipande kingine cha ngozi, la sivyo kucha za mbwa anayejikuna zitazimaliza. Na pasiwe na shanga mahali kola inapojikunja kwenye bizimu. Mbunifu anayezijaza shanga mpaka tunduni hajawahi kumvalisha mbwa kola ile kila asubuhi.

Kitu kimoja nimekipenda zaidi kadiri miaka inavyokwenda: mshikio wa pili, ulioshonwa karibu na kulabu. Katika Msitu wa Karura, ambako mbwa lazima afungwe kamba, humsaidia mtu kumvuta mbwa pembeni baiskeli ikipita. Katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa ni adabu kabisa. Kwa jirani Mwislamu anayefuata madhehebu ya Shafi, unyevu wa mbwa ukigusa nguo yake inamlazimu kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mwenye mbwa aliyelelewa vyema hufupisha kamba kabla ya kusalimu. Ukinunua, vuta mshikio huo wa pili kwa nguvu zako zote. Wengi huushona kama urembo.

Imebaki kazi ya kuzoa kinyesi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mnamo 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata 1 Juni 2019, na Rwanda ilitangulia zote mwaka 2008. Mimi nimerudi kwenye gazeti kuukuu: kurasa mbili zilizokunjwa mara nne, sukuma chini ya kinyesi, fumba, beba. Pa kulibebea ni mkoba mdogo wa turubai anaoweza kukushonea fundi yeyote wa mahema, na huo nao una ubora wake. Bitana ya ndani iwe ya kitu kisichopitisha maji, na mshono wa chini ugeuzwe nje ili uchafu usijifiche kwenye pembe. Kifuniko kishuke angalau hadi nusu ya mkoba. Zipu peke yake haizuii harufu. Kitanzi chake kiingie kwenye kamba karibu na mkono wako, usipigepige paja. Umwagie maji kabla ya kununua, ungoje dakika kumi. Nimewahi kuona mikoba ya bei kubwa ikivuja kabla hata ya tano.

Mifuko iliyoandikwa kuwa inaoza nayo isomwe kwa makini. Kipimo cha Ulaya cha EN 13432 hupima uozaji katika joto la mitambo ya mboji, na shimo la nyuma ya nyumba halina joto hilo. Kinyesi chenyewe kiende chooni au kwenye shimo lililo mbali na kisima, kamwe si kwenye mboga. Mayai ya minyoo ya mbwa aina ya Toxocara huhitaji wiki kadhaa mchangani kabla ya kuweza kumwambukiza mtoto anayecheza hapo, kwa hiyo anayezoa leo amewahi. Mayai ya tegu wa Echinococcus hayasubiri. Turkana, ambako watu wameishi karibu sana na mbwa wao, ilipata kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani na uvimbe wa maji unaoletwa na tegu huyo.

Unapokwenda kwa fundi, nenda na mbwa. Acha fundi apime kola shingoni mwa mbwa, vidole viwili vipite chini. Mwombe fundi kipande kilichobaki cha ngozi ile ile, ukikunje, ukikwaruze kwa kucha, ukitie maji mbele yake. Fundi wa kweli hatakasirika. Wangu hunipa na kigoda, kisha hufunga kulabu kwenye nguzo ya kibanda na kuniambia nivute.