Meza Moja, Msasa Mara Mbili: Kilichobadilika Tulipoanza na Vumbi

Meza yetu ya chakula ni ya mninga, urefu wake mita 1.8 na upana sentimita 90. Vanishi yake ya zamani ilikuwa imepasuka na kupauka, hasa pale ambapo sufuria za moto ziliwekwa bila kitambaa. Mwaka jana niliazima mashine ya msasa ya umeme nikaipiga meza palepale sebuleni, mlango ukiwa wazi na leso nimeifunga puani. Kazi ikaisha kwa saa mbili. Siku tatu zilizofuata nilikuwa napenga kamasi za rangi ya kahawia, na mwanangu mdogo mwenye pumu ilibidi alale kwa shangazi yake. Meza yenyewe, ilipopakwa vanishi mpya, ikajaa alama za mizunguko midogo ambazo hazikuonekana ubao ulipokuwa mkavu.

Mwaka huu nimeirudia meza ileile, mara hii kwa mpangilio mwingine. Nimeamua kuieleza kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu imenifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani tahadhari zingenichelewesha tu, na ubora wa kazi ungebaki uleule. Kumbe karibu kila hatua iliyonikinga mimi ndiyo hiyohiyo iliyoulainisha ubao.

Mashine na tabia yake

Niliyotumia ni mashine ndogo ya sahani ya duara, upana milimita 125, uzito kama kilo moja na nusu, nguvu wati 300. Sahani yake inazunguka, na papo hapo inayumba pembeni kwa milimita 2 au 3. Mashine za aina hii huyumba kati ya mara 7,000 na 12,000 hivi kwa dakika. Kwa kuwa chembe ya msasa hairudii njia ileile, mikwaruzo yake hufichana na ubao hutoka laini.

Ndugu zake wana tabia tofauti. Mashine ya mkanda hula ubao kwa haraka, nayo huwashwa ikiwa hewani kisha ikashushwa taratibu, kwani ikiwashwa juu ya ubao hukimbia na kumvuta aliyeishika. Grainda, ambayo mafundi wengi wa mitaani huifunga diski ya msasa kwa kukosa mashine yenyewe, huzunguka upande mmoja tu kwa kasi kubwa mno. Ikikutana na msumari au pembe ya ubao humrukia mtu. Mimi siishauri kwa kazi ya nyumbani.

Hii ndogo haitishi. Aliyeshika msumeno wa umeme hukaza macho, lakini aliyeshika mashine ya msasa huweza kupiga soga na mgeni. Ukiigusa sahani yake kwa bahati mbaya, mara nyingi utachubuka tu. Hapo ndipo tunapoidharau, kwa sababu madhara yake makubwa hayapitii kidoleni. Yanapitia puani.

Vumbi lilivyodhibitiwa

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na mianzi yake. Hatari hiyo inawahusu zaidi maseremala wanaolivuta miaka nenda miaka rudi. Kwa anayepiga meza moja nyumbani, madhara ya karibu ni kuwashwa macho, kupiga chafya, ngozi kutoka vipele na pumu kuamka. Mbao zetu nzuri zina sehemu yake katika hili: mninga na mvule zinajulikana kuudhi pua na mapafu ya watu wengi.

Vumbi unaloliona sakafuni si lile la kuogopwa zaidi. Chembe kubwa huanguka upesi. Zile ndogo, chini ya sehemu 10 za elfu za milimita, ambazo ni nyembamba kuliko unywele mara kadhaa, huelea hewani kwa muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Ndizo zinazofika ndani ya mapafu. Mwaka jana nilivua leso mara tu nilipozima mashine, nikaanza kufagia. Kwa kufagia nililirudisha hewani vumbi lote lililokwisha kutua.

Safari hii meza ilitolewa uani. Nguo zilianuliwa kwanza, madirisha ya upande ule yakafungwa, na watoto wakaambiwa wasikanyage uani hadi jioni. Hapa kwetu Dar es Salaam upepo wa mchana hutoka baharini, kwa hiyo niliiweka meza ili upepo uje kutoka mgongoni kwangu na kulipeleka vumbi upande wa ukuta, mbali na pua yangu na mbali na jikoni.

Kisha nikaunganisha bomba la kifyonza vumbi nyuma ya mashine, mahali pa ule mfuko mdogo wa kitambaa. Hapa ndipo nilipolikuta kosa langu la mwaka jana. Sahani ya mashine ina matundu 8 ya kunyonyea vumbi, lakini karatasi ya msasa niliyokuwa nimenunua haikuwa na tundu hata moja. Vumbi likakosa pa kutokea. Lilijikusanya kati ya karatasi na ubao, likawa vijidonge vigumu, na vijidonge hivyo ndivyo vilivyochora ile mizunguko. Mwaka huu nilinunua karatasi zenye matundu, nikahakikisha kila tundu limelingana na lenzake kabla ya kubandika. Vumbi likapungua machoni mwangu, alama zikapungua mezani, na kila karatasi ikadumu zaidi kwa sababu haikuziba.

Uani na kifyonza havitoshi bila barakoa. Leso huzuia chembe kubwa tu, na barakoa ya hospitali huacha mianya mashavuni ambamo hewa hupita bila kuchujwa. Inayofaa ni ile ngumu ya kukumbatia uso, yenye alama ya N95 au FFP2, iliyobanwa vizuri juu ya pua. Mwenye ndevu nyingi ajue kwamba haitamkaa sawasawa. Juu yake nilivaa miwani ya kinga iliyofunikwa pembeni, maana miwani ya kusomea huacha macho wazi kwa upande.

Umeme wetu na hila zake

Jambo la kwanza nililolitazama ni kibandiko cha mashine. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Mashine za mtumba kutoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100, na za Marekani kwa volti 120. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye soketi zetu, zitazunguka kwa wazimu kisha zitaungua, pengine zikiwa mkononi mwako. Nilitafuta pia alama ya mraba ndani ya mraba. Alama hiyo inaeleza kuwa mashine ina kinga mbili za kuzuia umeme usifike kwenye gamba lake, hivyo haihitaji waya wa ardhi.

Waya wa ekstensheni niliukunjua wote, ingawa nilihitaji mita tano tu. Waya uliozungushwa kwenye kigurudumu chake hushika joto na unaweza kuyeyuka. Waya wa mashine niliupitisha begani, ukaning'inia mgongoni, ili usiwahi kuwa mbele ya sahani.

Kuna hatari moja ambayo vitabu vya maelekezo vya ughaibuni huigusia kwa mbali, lakini sisi tunaishi nayo. Mashine nyingi za msasa zina kitufe cha kufunga swichi ili kidole kisichoke. Umeme ukikatika au Luku ikaisha, mtu huiweka mashine chini na kwenda kunywa maji. Umeme unaporudi, mashine inajiwasha yenyewe na kutembea juu ya meza hadi ianguke, penye watoto au pasipo na watoto. Ilitokea siku ile kazi ikiwa katikati: umeme ulikatika kwa dakika 20. Nilikwisha kujiwekea sharti kwamba mashine ikinyamaza, kwa sababu yoyote ile, nafungua swichi na kuchomoa plagi kabla ya mkono kuachia. Sharti hilo nililifuata pia kila nilipobadilisha karatasi.

Mkono na namba

Jirani yetu ni seremala wa miaka mingi, na mtaa mzima unamwita Fundi. Alipita akanikuta nimeielemea mashine kwa mikono miwili.

“Hiyo si nguo unayoifua, mwanangu,” akaniambia. “Usiikandamize.”

Alisema kweli. Ukiikandamiza, sahani hupunguza mzunguko na kubaki kuyumba tu, mikwaruzo inazama, joto linapanda na vanishi ya zamani inalainika na kuziba msasa. Mkono nao hupokea mtetemo mwingi, na ukiendelea hivyo vidole hufa ganzi. Uzito wa mashine wenyewe unatosha. Niliisogeza polepole, kama sentimita mbili na nusu kwa sekunde, kila mstari ukipanda nusu ya ule uliotangulia. Nilipomaliza sehemu niliinua mashine, nikasubiri sahani isimame kabisa ndipo nikaiweka chini. Kila baada ya robo saa hivi niliupumzisha mkono.

Kwenye namba za msasa, ndogo ina chembe kubwa. Mwaka jana niliruka kutoka namba 60 hadi 180 kwa pupa ya kumaliza, na namba 180 haikuweza kuifuta mikwaruzo ya 60. Mwaka huu nilianza na 80 kuitoa vanishi, nikapanda 120, kisha 180, na kumalizia na 220 kwa mkono, nikifuata mkondo wa nyuzi za ubao. Kabla ya kila namba nilichora mistari hafifu ya penseli juu ya meza yote. Mistari ilipotoweka yote, nilijua namba hiyo imemaliza kazi yake na hakuna haja ya kuendelea. Hii nayo ni tahadhari, maana kila dakika ya ziada ni vumbi la ziada.

Kazi tuliyoikataa

Mama watoto alipendekeza mashine ikiwa bado ipo tuupige na mlango wa stoo. Mlango ule una matabaka ya rangi ya mafuta, ya chini yakiwa ya zamani kuliko ujio wetu katika nyumba hii. Tulikataa. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na mashine ya msasa huigeuza rangi hiyo kuwa unga mwembamba unaotua kwenye mchanga, vyombo na vidole vya watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto huharibu ubongo unaokua, na mzazi hataona dalili mapema.

Rangi usiyojua umri wake ihesabu kuwa ina risasi. Kama haibanduki, ipake rangi mpya juu yake. Kama ni lazima iguswe, tumia msasa wa maji kwa mkono, ubao ukiwa umelowa muda wote, karatasi ya nailoni imetandikwa chini, na tope lote likusanywe. Watoto na mama mjamzito wasiwepo.

Baada ya swichi kuzimwa

Sikuvua barakoa upesi. Nilikaa nayo, nikaipangusa meza na sakafu ya uani kwa kitambaa kibichi, bila kupuliza wala kufagia. Vumbi lenye mabaki ya vanishi linaweza kujipasha joto lenyewe likiachwa limeshindiliwa ndani ya mfuko, kwa hiyo nilikimwaga kilichomo ndani ya kifyonza siku hiyohiyo, kwenye debe la bati lenye maji, nje ya nyumba. Matambara yenye mafuta ya kupaka mbao nayo hayakunjwi yakarundikwa pembeni. Yaanikwe yametandazwa hadi yakauke, maana nayo huweza kuwaka bila kiberiti. Nguo zangu zilifuliwa peke yake, na nilioga kabla ya kumpakata mtoto.

Nilikosea jambo moja: sikuziba masikio. Kelele za mashine zikijumlishwa na za kifyonza huweza kufika desibeli 85, kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini hukichukua kama mpaka kwa saa nane za kazi. Masikio yangu yalivuma hadi usiku. Vizibo vidogo vya sponji vingetosha.

Kazi nzima imechukua saa nne na nusu, saa nzima ikiwa ya matayarisho. Mwaka jana ilikuwa saa mbili. Lakini mtoto amelala kwake usiku uleule, na meza imepokea vanishi bila alama hata moja. Kwa hesabu yangu, zile saa mbili za mwaka jana ndizo zilizopotea, kwa kuwa kazi yake ilibidi irudiwe yote.

Msomaji wangu, kabla ya kuuliza mashine ya msasa inaazimwa wapi, jiulize vumbi lake litakwenda wapi. Ukishalipatia jibu hilo, mengine yatafuata. Na ukienda kuichukua mashine, usirudi nyumbani kabla hujapita duka la vifaa kununua barakoa.