Kinu Kisicho na Kitako

Ukishuka Kitonga ukitokea Iringa, Ruaha Mbuyuni hukulaki kwa vitunguu: vimerundikwa kando ya barabara, na maganda yake makavu hupeperuka kila lori linapopita. Maganda hayo, ambayo hakuna anayeyajali, yana kwesetini nyingi, flavonoidi ya rangi ya manjano. Wakemia wanaipenda, ila haipatani na maji. Itie katika glasi ya maji, koroga utakavyo, sehemu kubwa itabaki unga.

Msaada wake hutoka kwenye wanga, na kwa wanga wa mahindi Iringa na Mbeya hazina shida. Kimeng'enya cha bakteria hukata mnyororo wa wanga na kuunga ncha zake, ikapatikana pete ya glukosi 6, 7 au 8: siklodekstrini ya alfa, ya beta au ya gama. Mfaransa Villiers ndiye wa kwanza kueleza dutu za aina hii, mwaka 1891. Molekuli hiyo ni kinu kisicho na kitako, mdomo mmoja mpana kuliko wa pili. Nje inapenda maji, ndani inayakwepa. Kwesetini hujipenyeza humo. Haifungwi; huingia na kutoka wakati wote.

Ufundi ninaousifu ni wa kukadiria kwesetini imeshikwa kwa nguvu kiasi gani. Njia ya Higuchi na Connors, ya mwaka 1965, haihitaji makuu. Maabara ya kawaida ya chuo, Mkwawa au Mbeya, ingeiweza. Kila chupa hutiwa kwesetini kupita kiasi, na siklodekstrini inaongezwa kidogo kidogo kutoka chupa hadi chupa. Unatikisa kwa joto lisilobadilika, mbali na mwanga, hadi msawazo ufikiwe. Unachuja, kisha unapima mwanga unaofyonzwa karibu na nanomita 370. Grafu ya kwesetini iliyoyeyuka dhidi ya siklodekstrini ikinyooka, K, yaani kipimo cha nguvu hiyo ya kushika, ni mteremko uliogawanywa kwa S0 × (1 − mteremko).

Shida yote imejificha kwenye S0, yaani kiasi kinachoyeyuka katika maji matupu. Kwa kwesetini ni kidogo mno, na chembe chache zilizopenya kwenye chujio zinatosha kukidanganya kipimo. Ukiipata S0 nusu ya ilivyo, K inakuwa maradufu. Ndiyo maana mkemia wa Iceland, Thorsteinn Loftsson, alipendekeza tuangalie zaidi mteremko uliogawanywa kwa (1 − mteremko), ambao hauhitaji S0 kabisa. Mimi humpima fundi hapo: je, anarudia chupa ile isiyo na siklodekstrini, inayochosha kuliko zote, au anakimbilia grafu?

Wapo wanaokadiria kwa kompyuta, nao wana mtihani wao. Kwa nyuzi 25, hesabu ya nishati ikipotoka kilojuli 5.7 tu kwa moli, K hupotoka mara 10. Picha ya kwesetini ndani ya kinu, hata iwe nzuri vipi, haitoshi kuniridhisha bila chupa zilizotikiswa.

Chai ya Mufindi na Rungwe inadai ustadi mwingine. Katekini zake ni ndugu wa kwesetini, lakini huyeyuka vizuri, hivyo hila ya kutia kupita kiasi haifai sana. Hapo fundi hudondosha mmumunyo mmoja ndani ya mwingine, tone baada ya tone, akipima joto dogo linalotoka kila mara, mpaka vinu vyote vijae na joto lenyewe likome.